Mwanangu, kuhusu ile oda ya hoteli

Mwanangu, meseji yako nimeiona. Unauliza uchukue ile oda ya hoteli, picha 40 za tembo chini ya Kilimanjaro zote zifanane, au uiache uchore misitu ya kwetu Tunduru inavyokwisha. Nimekaa nayo siku mbili. Ngoja kwanza nikwambie habari ya faru.

Unamkumbuka yule faru wangu mkubwa wa kwenye hadibodi, bakigraundi nyekundu, vidoti vyeupe mgongoni, rangi ya kopo ileile ya baiskeli aliyoanza kuchorea marehemu mzee Tingatinga, mwanzilishi wa uchoraji wetu huu, mwaka 1968. Nilikuwa najivunia sana. Bibi yako alipokuja Dar kwenye ule msiba akamtazama weee, halafu akauliza, "Huyu mnyama gani?" Nikasema faru, mama. Akasema hapana, faru wa kwetu mdomo wa juu umechongoka, anachuma majani kichakani kama mtu anavyochuma kisamvu, huyu wako mdomo mpana kama koleo! Niliishiwa maneno, maana nilimtoa kwenye kalenda, ni faru mweupe wa Afrika Kusini. Mimi mtu wa Tunduru, faru wa kwetu sijamwona kwa macho yangu, majangili waliwapukutisha nikiwa bado mdogo.

Ndo maana kila siku nawaambia picha ni shahidi, na shahidi hasemi asichokiona. Lakini hapohapo najibishana mwenyewe, Tingatinga naye si alikuwa hapahapa Dar, chui na tembo anawatoa kichwani anawauzia wazungu pale dukani Morogoro Stores? Na ada yako ya sekondari ililipwa na tembo wa oda, nitawadharauje? Ila kuanzia 2009 mpaka 2014 tembo wa nchi hii walishuka kutoka zaidi ya laki moja mpaka kama elfu 43, na wakati huohuo ukutani kwangu wanazidi kuongezeka, wanene, wanacheka, sikuchora hata mzoga mmoja. Inaniuma mpaka leo. Nani angenunua mzoga? Labda hakuna. Lakini picha ni shahidi bwana.

Sikwambii kataa, una mke na mtoto. Wala sikwambii chukua, ingawa unanijua, mdomo unaniwasha hapa. Ukiichukua basi nenda kwanza Mikumi, nauli nitakutumia, ukae uwaangalie siku nzima, uone tembo anavyong'oa nyasi akazipigapiga mguuni udongo utoke ndo anakula. Hiyo kwenye kalenda haipo.

Yule faru sikumuuza. Mdomo niliurekebisha bibi yako amekaa pembeni ananielekeza, "chongoa, chongoa kidogo tena," mpaka akanyamaza. Yupo chumbani kwake Tunduru. Ukienda mwezi ujao mfute vumbi, kitambaa kikavu, usitumie maji.

Baba yako