Jibu: Siku moja Xi'an, China, na kundi zima, inatosha?

Mkuu, umeuliza kama kundi lenu linaweza kuona Jeshi la Udongo, ukuta wa mji na mtaa wa Waislamu kwa siku moja. Inawezekana, ila mdamke.

Anzeni na Jeshi la Udongo, yaani maelfu ya sanamu za askari za udongo wa kuchoma zilizozikwa mashimoni karibu na kaburi la mfalme wa kwanza wa China. Liko Lintong, karibu kilomita 40 mashariki ya mji, na foleni ya barabarani inakula muda. Kila mtu ashike pasipoti yake, maana tiketi hukatwa kwa jina. Shimo la 1 ndilo kubwa na watu hubanana sana kwenye kingo, lakini msiondoke Lintong bila kumwona mpiga upinde aliyepiga goti. Mtazameni nyuma: hata soli ya kiatu chake imechongwa alama za mishono! Kazi ya zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974 ndio walioiibua.

Ukuta una karibu kilomita 14. Msijaribu kuumaliza kwa miguu. Pandeni kupitia lango la kusini, mkodi baiskeli kidogo, inatosha.

Muda mtakaookoa upelekeni Msikiti Mkuu, ulioko mtaa wa Waislamu, kabla haujafungwa. Umejengwa kwa mapaa ya Kichina, bustani hadi bustani, na umeelekea magharibi, kibla. Ukumbi wa swala ni wa Waislamu tu, wengine wataishia uani.

Chakula cha jioni kuleni hapo mtaani, ni halali. Agizeni paomo: unapewa mkate mgumu, unaumega mwenyewe vipande vidogo vidogo kwenye bakuli, kisha mpishi anaupika kwa supu ya kondoo. Mwenye haraka akimega makubwa, supu haiingii ndani.