Shangazi, mke wangu anataka nichague: yeye au mbwa

Shangazi shikamoo. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nimeoa, tuna mtoto mmoja wa miaka minne. Mwaka juzi nilimfanyia mke wangu sapraizi nikamletea mbwa, kidume, kalikuwa kadogo kanaenea kiganjani, nikakapa jina Simba. Nampenda sana huyu mbwa. Kazi yangu ni ya safari, kwa mwezi nalala nyumbani siku chache tu, na nikirudi Simba ndo ananirukia mpaka kifuani kwa furaha, mke wangu hata hanyanyuki alipokaa. Sasa hivi kila siku ni malalamiko, mara Simba katafuna kiatu, mara kachimba, mara kabweka usiku kucha. Mama mkwe alipokuja kututembelea Simba akamrukia akaanguka, wakaifanya kesi kubwa wakati mbwa alikuwa anacheza tu. Juzi mke wangu kaniambia nichague, yeye au mbwa. Kinachoniuma zaidi amemgeuza Simba, nikimwita haji mpaka aitwe na yeye, na mke wangu akiumwa mbwa analala mlangoni kwake. Hata Simba alipoharisha damu akiwa mdogo aliuguza yeye, alafu mpaka leo ananisimanga eti sikujali, wakati nilikuwa safarini, ningefanyaje? Nafikiria nimletee Simba jike asiwe mpweke, labda atatulia. Mke mwenye roho mbaya kwa kiumbe asiye na hatia namfanyaje? Ni mimi, Baba Simba.

Marahaba mwanangu. Pole kwa mawazo, najua mapenzi ya mbwa yanavyoshika moyo, mtu anafika nyumbani amevunjika na anakuta kuna kiumbe kimoja kinamfurahia bila kumuuliza kaleta nini, hilo sikulaumu hata kidogo.

Ila barua yako nimeisoma nikairudia, na kila nikiirudia namuona mtu mmoja tu aliyechoka humo ndani, na sio wewe.

Tuanze na jina. Una mtoto wa miaka minne mwenye jina lake, alafu kwangu umesaini Baba Simba. Jina la mbwa umeliandika kila mstari, la mkeo hakuna, la mtoto hakuna. Mwanangu hayo mambo mwanamke anayaona, hata asiposema anayaona.

Unasema ulimletea zawadi. Hivi zawadi gani inayotaka chakula asubuhi na jioni, inayotaka kutolewa nje, kuogeshwa, kutolewa kupe, kupewa dawa ya minyoo, kufutiwa mkojo sebuleni, na mwenye kuileta anabeba begi anaondoka? Wewe mbwa ulimtaka mwenyewe, ukaona ukisema nataka mbwa utaulizwa nani atamlea, ukaona bora umfunge utepe useme ni wa mama. Huyo binti wa watu alikuwa tayari ana mtoto wa miaka miwili mkononi, ukamwongezea mwingine mwenye meno. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndo maana kwako huu mzigo ni mwepesi, kwa sababu hujawahi kuubeba.

Kanaenea kiganjani umesema. Kwahiyo hako kambwa kalitolewa kwa mama yake mapema mno, maana mtoto wa mbwa anatakiwa akae na mama na ndugu zake angalau wiki 8, na hapo ndipo anapojifunza kucheza bila kuumiza, akimng'ata mwenzake kwa nguvu mwenzake analia na mchezo unaisha, anaelewa. Akinyimwa hiyo shule anakuja kujifunzia kwenye vidole vya watu na viatu vya watu. Na kutafuna kwenyewe alikoanza nako utotoni wala sio utundu, kuanzia miezi mitatu minne mpaka karibu sita meno ya utoto yanatoka yanaota ya ukubwa, fizi zinawasha, ukimnyima kitu chake cha kutafuna atatafuna chako. Sasa viatu vilivyoliwa vilikuwa vya nani? Maana vyako vilikuwa na wewe safarini.

Alafu ukaja kwenye kuharisha damu ukapita haraka haraka kwa sentensi moja. Mimi sipiti. Mbwa mdogo ambaye hajamaliza chanjo akianza kutapika na kuharisha damu, daktari wa mifugo kitu cha kwanza anachohofia ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, na parvo inaweza kumuua ndani ya siku chache kwa kuishiwa maji. Chanjo zake zinaanza akiwa na wiki 6 mpaka 8 na zinarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16 hivi, sio moja ukamaliza. We ulimleta, kadi ya chanjo ulimwachia nani? Hebu vuta picha mwanangu, saa tisa usiku mtu amepiga magoti sakafuni, simu kaibana kidevuni inamulika, mkono mmoja kashika kichwa cha mbwa kinachoning'inia, mkono mwingine ana bomba la sindano lisilo na sindano anamdondoshea maji pembeni ya mdomo, kidogo kidogo asipaliwe, chumba kinanuka ile harufu ya damu ambayo aliyewahi kuuguza mbwa wa hivyo haisahau, na mtoto wa binadamu analia chumba cha pili. Asubuhi anapiga deki sakafu yote, anarudia tena. Huyo ndo unamwita ana roho mbaya? Mtu anayechukia mbwa hakeshi naye. Angemwacha afe na angekupigia simu kukwambia pole, na wewe usingejua.

Kwahiyo Simba yupo hai kwa sababu ya mkeo. Ndo maana analala mlangoni kwake akiumwa. Hajamgeuza, hajamfanyia dawa, mbwa anamfuata anayemlisha, anayetembea naye, anayeongea naye kila siku kwa sauti ile ile. Na mimi naona hapa ndo penye kidonda chako chenyewe, umeandika kama unalalamikia mke kumchukia mbwa kumbe unalalamika mbwa kampenda mke. Huwezi kushika yote mawili. Kama anamchukia, mbwa asingekuwa mlangoni kwake. Chagua maelezo moja.

Sasa la mama mkwe. Hili limeniudhi na nakwambia wazi. Mama wa watu kaja kumsalimia mwanae na mjukuu, kaangushwa chini na mbwa mkubwa, unaniambia alikuwa anacheza tu. Kwa mama mtu mzima kuanguka sio mchezo, nyonga ikivunjika inaweza kuwa ndo mwisho wa kutembea vizuri. Na aliyemfundisha Simba kurukia watu ni nani? Umeniandikia mwenyewe, nikirudi ananirukia mpaka kifuani kwa furaha. Wewe ukija unamruhusu, unamkumbatia, unamsifia, anaelewa hivyo ndivyo mgeni anavyopokelewa. Siku mbili za raha zako unaondoka, mkeo anabaki na mbwa mwenye tabia uliyomfundisha wewe. Samaki mkunje angali mbichi, lakini hata sasa kwa miaka miwili bado anafundishika. Akiruka mgeuzie mgongo, usimguse, usimwambie kitu, usimsukume maana kusukumana kwake ni mchezo, miguu yote minne ikitua chini ndo umpapase umsifie. Kila siku, na kila mtu ndani ya nyumba afanye hivyo hivyo, na mgeni akigonga Simba afungwe kamba kwanza kabla mlango haujafunguliwa. Alafu mama mkwe umempigia kumuomba radhi? Nadhani jibu ninalo.

Mtoto. Miaka minne na mbwa dume mkubwa, wanaachwa wawili? Hata mbwa awe malaika, mtoto mdogo hajui kusoma ishara zake, mbwa akichoka na kuvutwa masikio anakakamaa, anageuza uso, anajilamba midomo, anapiga miayo, anaunguruma, hayo yote ni kusema niache, mtoto anaona mbwa anacheka. Na mbwa akiunguruma usimpige, ukimpiga utamfundisha kunyamaza, alafu siku nyingine atang'ata bila kuonya. Mkeo anayalinda haya kwa macho yake mawili siku nzima huku anapika na anafua, we unaita malalamiko.

Na katika barua yote ndefu neno chanjo halipo hata mara moja. Kichaa cha mbwa Shirika la Afya Duniani linakadiria kinaua watu kama 59,000 kila mwaka, karibu wote wanakipata kwa mbwa, na kama wanne katika kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea kwa mtu ni karibu hakuna anayepona. Lakini kinazuilika kabisa, mbwa achanjwe na arudiwe kwa tarehe anayoandika daktari, na mtu aking'atwa kidonda kioshwe hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 alafu hospitali mbio siku hiyo hiyo, asisubiri kuona kama mbwa ataumwa. Mkeo analijua hili? Umewahi kumwambia? Au na hili ni lake kujijulia?

Hilo la kuleta jike, hapana. Futa. Jike anabeba mimba siku 63 hivi na anaweza kushusha watoto sita, nane, kutegemea aina yake, na joto linampata kama mara mbili kwa mwaka. Utakuwa safarini. Nani atakaa na mbwa anayezaa? Simba hachimbi kwa sababu hana mchumba, anachimba na kubweka kwa sababu ni kijana ana nguvu na hana pa kuzimalizia, hatembezwi vya kutosha, hapewi kazi ya kichwa. Ukirudi mtoe wewe asubuhi na jioni, matembezi ya maana sio kuzunguka ukuta, na zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kumhasi.

Niseme na wengine hapa maana sio wewe peke yako. Ndoa za siku hizi watu mnapenda sana kushtukizana. Mtu anashtukiza gari la mkopo, anashtukiza ndugu wa kuja kukaa, anashtukiza mbwa, alafu mwenzake akikunja uso anaambiwa hana shukrani. Kitu chochote kinachopumua kinaingia nyumbani kwa makubaliano ya wote wawili, mkae chini muulizane nani anaamka, nani analipa, nani anabaki tukisafiri, na jibu likiwa ni mtu mmoja kwa yote basi hicho kitu ni cha huyo mmoja na yeye ndo mwenye neno la mwisho. Wanaume mnapenda sana kusema nampenda mbwa wangu, wanangu, gari langu, mapenzi ya picha kwenye simu. Kupenda mbwa ni kuokota kinyesi chake kila siku kabla mtoto hajakikanyaga, maana mayai ya minyoo yanaweza kuwemo humo. Kama hujaokota, unampenda mbwa wa mtu mwingine.

Na wala sisemi mbwa ni hasara. Nyumba yenye mbwa aliyelelewa vizuri ina raha yake, mtoto anakua anajua kuhurumia kiumbe kisichosema, mpweke anapata wa kumwamsha, na hata huyo mkeo naamini kuna usiku wewe hupo anasikia kitu nje na anashukuru kuna pumzi ya Simba mlangoni. Majuto ya mbwa mara nyingi yanatoka kwenye hesabu ambayo mtu hakuipiga mwanzoni. Mbwa wengi wanaishi miaka 10 mpaka 13, wadogo wa umbo zaidi ya hapo. Simba akijaaliwa atakuwepo mpaka mwanao anaanza kuota ndevu, na ile miaka ya mwisho mwisho ndo ya kuumwa miguu, kukojoa ndani tena na macho kuingia ukungu. Hiyo miaka yote umepanga aibebe nani?

Kwahiyo uamuzi wangu ni huu. Mkeo hajakwambia uchague kati yake na mbwa, amekwambia amechoka kuwa peke yake, akatumia maneno pekee ambayo aliona utayasikia, maana ulikuwa unamsikia akimtaja Simba tu. Rudi, kaa naye, na usijitetee. Mwambie nilimleta mbwa bila kukuuliza nikakuachia, na alipougua ulimwokoa wewe, asante. Hilo neno asante kwa barua hii naona halijawahi kutoka. Tafuta mtu wa kumlipa aje kumtembeza na kumsafishia Simba siku zote ambazo haupo, hela itoke mfukoni kwako, sio kwenye matumizi ya nyumbani, na siku ukiwepo kazi za Simba zote ni zako mwanzo mpaka mwisho, mkeo asishike hata bakuli.

Baada ya hapo muulize anataka nini, na atakachosema ukikubali. Akisema bado Simba aondoke basi ataondoka, na kumtafutia makazi ni kazi yako wewe, mtu unayemjua, mwenye nafasi na muda, uende ukaone pa kulala pake na umkabidhi na kadi yake. Kumtupa barabarani au kumfungia mnyororo nyuma ya nyumba mpaka azeeke ni dhambi na sitaki kuisikia. Ila mimi nakwambia sidhani kama atasema aondoke, mwanamke aliyemdondoshea mbwa maji kwa bomba usiku kucha hamfukuzi kirahisi, anataka tu kuona na wewe umepiga magoti kwenye hiyo sakafu.

Ukimpigia leo usianze na Simba anaendeleaje. Muulize yeye kalalaje, na mama yake anatembeaje sasa hivi. Alafu mwambie akusomee kadi ya chanjo tarehe ya mwisho ni lini, ikiwa imepita umpeleke mbwa mwenyewe, kabla hujapanga safari nyingine.