Springhill, Kanada: majibu kwa ulouliza

Kaka umeuliza kama ni kweli kuna wachimba makaa ya mawe kule Kanada walikaa wiki nzima chini wakatoka hai. Kweli kabisa, ni Springhill, kimji kidogo jimbo la Nova Scotia. Ila usianzie 1958, wale watu walishaumia zamani, 1891 mlipuko uliua 125 na humo kuna watoto wa miaka 10 hadi 13 walokuwa kazini, halafu 1956 mlipuko mwingine ukaua 39.

Sasa tarehe 23 Oktoba 1958 usiku mgodi namba 2 ambao ulikuwa na kina kirefu mno, mwamba ulizidiwa na uzito ukajikaza ukaachia ghafla, sakafu ikaruka juu kukutana na dari. Walikuwemo 174, wakafa 75. Waokoaji walichimba kwa mikono na baada ya siku sita wakasikia sauti kwenye bomba, wakawapitishia kinywaji humo humo, wakatoka 12, na tarehe 1 Novemba wakapatikana 7 tena!! Kati ya hao saba alikuwepo Maurice Ruddick, mtu mweusi, mguu umeumia lakini ndo alokuwa anawaimbia wenzake gizani wasikate tamaa. Na inaniuma hii: gavana wa Georgia Marekani akawaalika manusura wakapumzike ufukweni, alipojua Ruddick ni mweusi akamtenga alale peke yake na familia yake.

Mgodi haukufunguliwa tena. Siku hizi maji ya uvuguvugu yalojaa mle shimoni ndo yanapasha joto majengo ya hapo mjini.