Maswali ya Wasomaji: Maji ya Tabora yanachemka nyuzi ngapi?

SWALI: Nafundisha Fizikia sekondari. Wanafunzi wanasinzia kipindini, lakini tamthilia ya jana usiku wanaisimulia neno kwa neno. Kuna cha kuiga kwenye runinga, na vifaa vyenyewe hatuna? – Mwalimu, Tabora

JIBU: Kipo, mwalimu, wala si milipuko. Tamthilia hukatika mlango unapofunguliwa. Mashindano ya maswali humtaka mshiriki ataje jibu kabla halijaonyeshwa. Sisi darasani huandika kanuni ubaoni kwanza, jaribio likaja kuithibitisha. Nani atangoja mwisho anaoujua?

Uliza: maji yanachemka nyuzi ngapi hapa Tabora? Kila mmoja aandike kwa peni, asifute. Wengi wataandika 100. Chemsha mililita 200 kwenye bika. Kipimajoto kitasimama karibu na 96, kwa sababu mji uko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa ni mdogo, na kiwango cha kuchemka hushuka kama nyuzi moja kila mita 300. Sababu usiitaje bado. Waache wabishane: maji machafu? Kipimajoto kibovu? (Hilo la kipimajoto limalize mapema: kwenye barafu inayoyeyuka kisome 0. Ncha yake isiguse kitako cha bika, penye joto zaidi. Ukisoma 99, mshangao umekwisha.)

Ubishi ukipamba moto, toa bomba jipya la sindano la mililita 20, bila sindano. Vuta mililita 5 za maji ya nyuzi 70. Elekeza mdomo juu, sukuma hewa yote itoke, uzibe kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli chini ya dole gumba, usije ukaungua. Vuta kwa nguvu: maji yatachemka bila moto. Hewa ikibaki ndani, itatanuka yenyewe na mapovu yatakuwa haba. Mpira usipokaza, hewa itaingia. Sasa waulize ulichopunguza ni nini.

Kitu kimoja runinga inatudanganya: majaribio yaliyoshindikana hukatwa. Wewe huna pa kukata, kwa hiyo fanya jaribio zima siku moja kabla, kwa jiko lilelile.

Kengele ikikaribia, waachie swali: Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi, je? Ni kidogo juu ya 97, lakini usiseme hadi kipindi kijacho.