Juzi kilo 81, leo 83: hizo mbili nimezitoa wapi?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Mbagala, nauza vitenge. Hii ni wiki ya tano niko kwenye dayati, soda nimeacha, sukari nimeacha, ugali nakula kama ngumi ya mtoto, asubuhi natembea haraka dakika 45 na wiki iliyopita nimeanza na mazoezi ya kuruka jioni na wenzangu, mapaja yananiuma mpaka kukaa chooni ni shida. Wiki ya kwanza nilishuka kilo 3 nikatangazia mtaa mzima. Toka hapo mizani inanichezea tu, leo 81, kesho 80.4, keshokutwa 81.7. Jumapili kulikuwa na sendofu ya mtoto wa dada, nikala pilau sahani moja, nakuapia moja, na kachumbari na soda. Jumatatu saa nne nikiwa sokoni akapita yule kijana wa mizani ya kutembeza, nikapanda, 83! Nimelia anti. Mume wangu anasema niache kujitesa, na kweli nimechoka, halafu siku zangu nazo ziko karibu basi hasira tupu. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, futa machozi kwanza. Barua yako nimeisoma mara mbili na majibu mengi umeyaandika mwenyewe humo humo bila kujua.

Tuanze na hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700 hivi. Ili sendofu ikuwekee kilo 2 za mafuta ungetakiwa ule kalori zaidi ya 15,000 juu ya zile mwili unazotumia siku hiyo, yaani hata tuseme sahani yako ilikuwa ya kujaza kweli kweli na nyama na soda juu, ikafika kalori 1,200, ungehitaji sahani kumi na mbili na ushee na bado ule chakula chako cha kawaida. Ulikula moja, umeapa na mi nakuamini. Kwahiyo mafuta sio.

Sasa ni nini? Maji, mwanangu, maji na chakula kilichoko tumboni. Mizani haijui mafuta ni yapi na maji ni yapi, inapima mzigo wote uliosimama juu yake. Kunywa lita moja ya maji saivi upande, utakuta umeongezeka kilo moja palepale na hujanenepa.

Na hapa samahani naenda kukuharibia furaha, zile kilo 3 za wiki ya kwanza ulizotangazia mtaa nyingi zilikuwa maji vilevile. Iko hivi, wanga unaokula, ugali wali mihogo, mwili unaweka akiba yake kwenye ini na misuli, akiba hiyo inaitwa glaikojeni, kwa mtu mzima ni kama nusu kilo, na kila gramu yake inakaa na maji gramu 3 hivi. Piga hesabu, ghala likijaa linakaribia kilo 2 kwa pamoja. Ulipokata ugali ghafla ghala likapungua na maji yake yakatoka, nadhani unakumbuka wiki ile ulivyokuwa unakwenda haja ndogo kila saa. Ukala pilau, ghala likajaa tena kidogo na maji yakarudi mahali pake, ndo kazi ya mwili hiyo, hujaharibu kitu.

Halafu chumvi. Pilau la sherehe linapikwa na mtu anayepikia watu mia mbili, chumvi anamimina kwa kiganja, na kachumbari nayo ina ya kwake. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, nani anafikia kipimo hicho kwenye sendofu? Mwili ukipata chumvi nyingi unashikilia maji ili damu isiwe kali. Ile dripu ya maji ya chumvi ya hospitali ina gramu 9 kwa lita, sasa ona chumvi kidogo tu inavyoweza kushika maji mengi. Siku mbili tatu ukirudi kwenye chakula chako, figo zinayatoa.

Hayo mapaja nayo. Misuli ikipewa kazi isiyoizoea inapata majeraha madogo madogo na inavimba kidogo kwa maji wakati inajitengeneza, kwahiyo anayeanza zoezi jipya kuongezeka kidogo ni kawaida kabisa, na wengi huacha hapohapo wakidhani mazoezi yanawanenepesha, inaniuma sana hii. Ukaongezea na siku zako ziko karibu, wanawake wengi kipindi hicho wanahifadhi maji, wengine kilo nzima au zaidi, wengine hata hawaoni tofauti. Ndo maana uzito wa wiki ya kabla ya hedhi unalinganishwa na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Na mwisho yule kijana wa kutembeza! Nyumbani unapima alfajiri hujala kitu, sokoni umepanda saa nne na chai na chapati tumboni, gauni, kitenge, simu, labda na kibeti cha chenji, tena kwenye mizani nyingine iliyozunguka mtaa mzima. Hizo namba mbili hazifai kulinganishwa.

Tumia mizani moja tu, iweke kwenye sakafu ngumu sio kwenye kapeti, pima ukitoka chooni kabla ya chai, andika kwenye daftari la mauzo hata pembeni, kisha jumlisha siku saba ugawanye kwa saba. Wastani wa wiki hii ukiwa 81.0 na wa wiki ijayo 80.6 umepungua, hata kama Jumanne ilisoma 82. Na chukua utepe wa fundi cherehani upime kiuno kila baada ya wiki tatu. Kama kupima kila siku kunakuliza, basi pima mara moja kwa wiki, sio lazima.

Lakini nisikudanganye, wastani ukikaa palepale wiki nne tano usisingizie maji tena, hapo angalia sufuria, hasa mafuta ya kupikia, kijiko kimoja cha chakula ni kama kalori 120 na wengi wetu tunamimina bila kijiko. Na ukiona uzito unapanda haraka huku miguu inavimba au pumzi inakata, hiyo nenda hospitali.

SWALI: Anti mambo, nacheza mpira kila Jumamosi, navaa koti la nailoni nililoazima, nikimaliza nakuta nimepungua kilo moja na nusu. Nikicheza kila siku si nitaisha kitambi mwezi huu?

JIBU: Poa mdogo wangu. Hilo ni jasho. Tuseme saa moja ya mpira umechoma kalori 600, ukizigeuza mafuta haifiki hata gramu 80, hiyo iliyobaki yote utairudisha ukinywa maji, na lazima unywe. Mpira endelea nao, koti mrudishie mwenyewe kabla hujaanguka uwanjani kwa joto.