Re: Dada kajifungua, miguu imevimba na anahema, inaweza kuwa moyo?

Mkuu umesema dada yako ana miezi miwili tangu ajifungue, miguu inavimba, akipanda ngazi anahema, na mama mkwe wake anasema ni mambo ya uzazi yataisha. Mimi nisingesubiri. Ya mke wangu ilianza hivyohivyo na mashangazi nao walisema uzazi.

Kilichonishtua sio miguu, ni mito ya kulalia. Alianza na mmoja, ikawa miwili, mwisho akawa analala amekaa kwenye kochi, yani akilala chali tu anakohoa anatafuta hewa anakimbilia dirishani. Miguu nayo, bonyeza ugokoni kwa kidole gumba sekunde kadhaa afu achia, wa kwake shimo lilibaki palepale kama umebonyeza donge la chapati. Mcheki na shingoni akiwa amekaa wima ametulia, ule mshipa wa pembeni ukiwa umetuna sio dalili nzuri.

Uvimbe wa ujauzito kwa kawaida unanywea ndani ya wiki moja mbili baada ya kujifungua, hauongezeki. Hospitali ya kwanza walisema nimonia wakampa antibayotiki, kikohozi wapi. Ya pili daktari akauliza "unalalia mito mingapi?" akaandika eko (ultrasound ya moyo) hapohapo, ikaonekana moyo umetanuka na unasukuma damu kinyonge. Huu ugonjwa unakuja kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi kama miezi 5 baada ya kujifungua, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuumwa moyo, na wapo wengi tu ambao moyo unarudi wakiwahi dawa.

Kuhusu kucha ulizouliza kama zinaonyesha ugonjwa wa moyo, kile kipimo cha kugusanisha kucha za vidole viwili uone kama kuna kiupenyo katikati (kikikosekana, ncha za vidole zimevimba) kilitoka kwa Leo Schamroth, daktari wa moyo wa Afrika Kusini, aliona kwenye vidole vyake mwenyewe alipougua moyo. Ila kucha zinachukua muda kubadilika, kwa huyu hazikusaidii.

Na usimnunulie lasix (dawa ya kukojoza maji ya mwilini) duka la dawa, mguu utanywea moyo utabaki vilevile. Mpeleke leo hospitali yenye eko, na kama hawezi kabisa kulala au midomo imekuwa ya bluu usisubiri hata kukuche. Amwambie daktari ananyonyesha, maana kuna dawa za moyo itabidi wachague kwa kuangalia hilo.