Makerere, Mbarara ama Busitema? Mwalimu anajibu maswali yenu ya vyuo

SWALI: Mwalimu habari za siku. Mimi ni binti wa Busia, upande wetu wa Uganda. Nimemaliza S.6, yaani kidato cha sita, Kemia nimepata A, Bayolojia C, Hesabu E, General Paper na kompyuta nimepita zote mbili. Nataka unesi wa digrii. Baba amesema ni Makerere ama nibaki nimsaidie dukani, kwake hivyo vyuo vingine vya serikali ni sekondari zilizobadilishwa kibao tu. Mjomba naye kaniletea orodha za vyuo bora kwenye simu, moja inaweka Makerere juu kabisa, nyingine inaweka Mbarara karibu nayo, halafu Busitema ambacho kila siku napita getini kwake sikioni kabisa. Je, chuo kisichokuwa kwenye orodha ni kibaya? Na pointi zangu zinahesabiwaje, maana kila mtu ananipa namba yake.

JIBU: Binti yangu, kwanza hongera, A ya Kemia watu wanalala na vitabu miaka miwili na hawaipati. Sasa tukae tuongee polepole.

Hizo orodha za mjomba si uongo, ila zinapima kitu kingine, si hicho unachouliza wewe. Ile ya Times Higher Education, kwa mfano, ili chuo kiingie tu kwenye orodha yao ya dunia lazima kiwe kimetoa makala za utafiti zisizopungua 1000 ndani ya miaka mitano. Busitema imeanza 2007, ina wahadhiri wachache, itazitoa wapi makala 1000? Kwa hiyo kutokuwepo kwake hakumaanishi imepimwa ikaanguka, haijapimwa kabisa. Orodha nyingine, ya QS, wao asilimia 30 ya maksi zinatoka kwa maprofesa wa dunia nzima wakiulizwa ni chuo gani wanakisifu, na profesa wa Ulaya atakitaja kile alichowahi kukisikia. Wa orodha ya Shanghai wanahesabu mpaka zawadi za Nobel. Webometrics ya Spain inaangalia tovuti ya chuo na makala zinazonukuliwa. Hakuna hata moja iliyoingia wodini ikatazama nesi mwanafunzi anafundishwaje kuweka dripu, na hicho ndicho kitu unachokwenda kusomea.

Makerere jina lake imelitolea jasho, sitaki mtu adhani nakipiga vita. Imeanza 1922 kama shule ya ufundi, ikapitia chini ya Chuo Kikuu cha London, ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ikasimama yenyewe 1970. Hospitali kubwa ya Mulago iko pale, utafiti wa ukimwi umefanyika pale miaka na miaka, na hizo ndizo makala zinazonukuliwa dunia nzima. Mbarara nayo, iliyoanza 1989, ni chuo kidogo lakini madaktari wake wanafanya utafiti na wenzao wa Marekani, makala zinasomwa, ndiyo maana unaiona juu. Ni sifa nzuri. Ila ni sifa ya watafiti wao, wewe unakwenda kukaa kwenye benchi la mwaka wa kwanza.

Tuje kwenye pointi, hapa ndipo watu wanachanganyana. A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, O ni 1. Kila kozi ina masomo mawili ya lazima, hayo yanazidishwa mara 3, la tatu, wanaloliita somo husika, linazidishwa mara 2, halafu General Paper na lile somo dogo, kwako ni kompyuta, kila moja mara 1. Kwa kozi ambayo lazima yake ni Kemia na Bayolojia wewe una 18 na 12, Hesabu ikiwa ndiyo somo husika inakupa 4, ongeza 2 za mwisho, jumla 36. Kisha wanaingia matokeo ya S.4, yaani kidato cha nne, kila distinction 0.3, kila credit 0.2, kila pass 0.1. Hukuniambia S.4 ulipata nini, tuseme distinction 5 na credit 4, hiyo ni 2.3. Halafu kwa kuwa ni msichana unaongezewa 1.5, mpango ulianza Makerere mwaka 1990 na umeingiza wasichana wengi sana chuoni. Jumla 39.8.

Sasa tazama. Ukiomba kozi nyingine ambayo lazima yake ni Kemia na Hesabu, zile 36 zinashuka kuwa 34, karatasi ni ileile, maksi zilezile, na huku watu wanaachwa nje kwa nukta moja ya desimali. Ndiyo maana kila mtu anakupa namba yake, wanakuhesabia bila kukuuliza unaomba kozi gani. Chukua kalamu, kaa chini, fanya hesabu ya kila kozi unayoiwaza peke yake.

Na zile pointi za mwisho za kuingia ambazo baba anazisoma kwenye gazeti, nazo watu wanazifanya orodha ya ubora. Hapana. Pointi zikipanda ni kwamba waliojipanga mlangoni walikuwa wengi na wenye maksi kubwa, basi, ni kipimo cha foleni. Mwaka kesho foleni ikihama na pointi zinahama, huku wahadhiri ni walewale na maabara ni ileile.

Kwa 39.8 nakuambia wazi kama ningemwambia mwanangu, ufadhili wa serikali wa unesi Makerere utakuwa mgumu, wanaogombania pale wana A mbili, A tatu. Kwa kujilipia unaweza kupata, lakini hapo hesabu ya baba ibadilike, kuna ada, kuna chumba cha kupanga mitaa ya jirani, Kikoni ama Wandegeya, kuna chakula miaka minne. Mkopo wa serikali upo tangu 2014, uombe, ila ujue mkopo wenyewe unalipa mambo ya chuo tu, chumba na chakula ni juu yenu.

Kitu ambacho nadhani hujaambiwa, Busitema ile unayoipita getini ni ya wainjinia, wa maji, wa madini, wa mashine za kilimo. Afya ya Busitema iko Mbale, pembeni ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa hiyo ukisema cha karibu na nyumbani unasema Mbale. Na unesi wa digrii upo pia Mbarara, upo Muni kule Arua, na Lira wamejenga jina kwa ukunga. Huko kote linganisha vitu hivi badala ya orodha: hospitali ya mafunzo iko umbali gani na darasa, wanafunzi wangapi wanamzunguka msimamizi mmoja wodini, chumba cha mazoezi kina yale masanamu ya mgonjwa ama kuna meza tupu, na waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi leo. Halafu hakikisha kozi yenyewe imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, maana inaidhinishwa kozi na si chuo peke yake, na hapo usiangalie ukubwa wa jina, 2023 ilitokea kelele kubwa watu walipokuta kozi nyingi za vyuo vikubwa kwenye orodha ya baraza zimeandikwa muda wake umekwisha. Na Baraza la Wauguzi na Wakunga nalo lazima likusajili ndio ufanye kazi ya unesi.

Mpwa wangu alikwenda chuo chenye jina kubwa, sitakitaja. Alitaka maabara, pointi hazikutosha, wakampa kozi iliyobaki, na sisi familia ndio tuliomwambia chukua tu, jina ni jina. Alikuwa anatoka hosteli saa kumi na moja alfajiri kwenda kuweka daftari kwenye kiti ili apate mahali pa kukaa, kwa kozi ambayo hakuipenda hata siku moja. Mwaka wa pili aliacha, akaanza upya diploma ya maabara mahali pengine, leo anafanya kazi hospitalini na anaipenda. Ile miaka miwili na ile ada bado inaniuma, kwa sababu mdomo wangu nao ulikuwemo.

Kwa hiyo omba Makerere, usiache, lakini unesi uuweke na Mbale na Mbarara kwenye maombi yako, usijaze kozi usizozijua eti kwa sababu ziko Makerere. Na baba yako mheshimu, usibishane naye kwa orodha za simu. Mwombe siku moja mpande gari mwende Mbale, saa mbili asubuhi msimame pale hospitalini wanafunzi wanapoingia zamu na sare zao, azungumze na mzazi mmoja ama wawili. Mambo mengi baba hukubali akiyaona kwa macho.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzee wa Arua. Kijana wangu amechukuliwa na serikali kupitia kota ya wilaya, watu hapa wanamcheka wanasema hakuingia kwa akili. Je, digrii yake itakuwa ya chini?

JIBU: Mzee wangu, hapana kabisa. Kota, yaani nafasi zinazotengewa kila wilaya, ililetwa 2005 kwa sababu nafasi za serikali, karibu 4000 kwa mwaka nchi nzima, zilikuwa zinaishia kwa watoto wa shule chache za kule Kampala na Wakiso, shule zenye maabara tatu na walimu wa ziada wikendi. Kijana wako alishindana na wenzake wa wilaya yake, akawapita. Akishaingia darasani anakaa mtihani uleule, anasahihishwa na kalamu ileile, na cheti hakiandiki popote kwamba huyu aliingia kwa kota. Mtu aliyesoma S.6 bila kemikali za kutosha halafu akapata maksi hizo ana akili, tena nyingi. Mnunulieni godoro na ndoo, mpelekeni.

SWALI: Mwl, niko Bwera, nataka kuwa mwalimu wa Kiswahili, niende Makerere ama Kyambogo? Kyambogo wanasema kiko chini kwenye orodha.

JIBU: Kijana, umenifurahisha. Kyambogo kilizaliwa 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu, kimoja kilikuwa chuo cha kufundisha walimu na kingine cha elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, kwa hiyo ualimu ndio damu yake, na orodha zile za utafiti hazihesabu walimu waliofundishwa vizuri. Makerere nako Kiswahili kinafundishwa na maktaba ni kubwa. Uliza mambo mawili kabla hujajaza fomu: somo lako la pili litakuwa lipi, maana mwalimu wa sekondari anasomea masomo mawili na mengine hayaendani na Kiswahili kwenye ratiba, na mazoezi ya kufundisha unafanya wiki ngapi na nani anakuja kukukagua darasani. Shule nyingi sasa zinatafuta walimu wa Kiswahili, lugha hii ni ya pili rasmi kwa katiba tangu 2005, na nyie wa mpakani mnaingia darasani mkiwa tayari mnaiongea. Mimi ningekwenda pale wanaponipa muda mrefu zaidi mbele ya ubao.